Mbuzi wa Ntheo Ndani ya Sidii

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama buchani kabla hujalisoma, nakusamehe. Mambo yalikuwa hivi.

Mimi ni Munyao, mpiga picha. Studio yangu ya Sarang'ombe, Kibera, iliteketea mwezi wa kwanza wa mwaka ule wa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi. Mtu wa kwetu alikuwa amepewa cheo serikalini, nasi Wakamba wa Kibera tuliokuwa hatuna upande tukapewa upande kwa lazima. Ikaenda kamera, kikaenda kitanda, likaenda na lile pazia la maporomoko ya maji ambalo nusu ya mtaa wamepigiwa picha mbele yake. Nilitoka na kopo moja la sidii za zamani, nikakimbilia Kawangware 46.

Rafiki yangu Mwanzia naye alikimbia, lakini akarudi Kibera kuchukua cherehani ya mkewe. Huko akapatwa na risasi ambayo mpaka leo haina mwenyewe.

Mkewe ni Wayua. Lakini Nzuki, mdogo wake Mwanzia, alifika kutoka Mombasa akasema Wayua si mke wa mtu.

Kwetu Ukambani, mwanamke ni mke wako siku mbuzi wa ntheo wanapopelekwa kwao, mmoja akachinjwa, na wazee wa pande zote mbili wakala. Unaweza kuishi na mtu miaka ishirini na kumzalia timu nzima ya mpira. Kama ntheo haijaliwa, wewe bado ni mgeni katika nyumba hiyo.

Wayua alisema ililiwa, mwaka wa 2004, kwao Kitui. Nzuki akauliza mashahidi wako wapi. Mzee Lazarus, ami yake Mwanzia aliyeongoza wale mbuzi, alikuwa ameshafariki. Baba yake Wayua pia. Kaka zake Wayua walikuwepo, lakini Nzuki akasema hao watatetea damu yao hata kwa uongo.

Basi akatoa neno la mwisho. Alhamisi saa sita mchana gari lingetoka mochari kwenda Kitui na mwili wa Mwanzia, pamoja na Ndanu, mtoto wao wa miaka mitatu. Wayua akileta ushahidi, atakaa mbele karibu na jeneza kama mjane. Asipoleta, atabaki Nairobi, na mtoto atalelewa na watu wa baba yake.

Ndipo mimi, kwa mdomo wangu huu usio na breki, nikasema mbele ya waombolezaji wote kwamba picha za ntheo ziko, tena ziko kwenye sidii.

Hapo ndipo niliwaacha. Sasa tuendelee, ingawa kuanzia leo mtanipenda kidogo kuliko mlivyonipenda.

Jumatano asubuhi tulitoka 46 kwa miguu, mimi na Wayua, kwenda Riruta Satellite. Sidii ilikuwa mfukoni mwangu, nimeifunga kwa kitambaa. Wayua alikuwa amevaa leso nyeusi ya kuazima na viatu vya Mwanzia, kwa sababu vyake viliungua.

"Munyao," akasema tulipokaribia barabara, "si ulituambia hizo picha ziliharibika?"

"Nilidhani ziliharibika."

"Ulidhani miaka minne?"

"Sidii zilichanganyika, mama Ndanu. Unajua vile studio ilikuwa."

Tukatembea kidogo, kisha Wayua akasema polepole, kama mtu anayejisemea, "Mwanzia alikuwa anazitaka sana. Kila Krismasi alikuwa anakuuliza. Alikuwa anasema siku hiyo hakuiona kwa macho yake, angalau aione kwa picha."

Nilikazana kutazama mbele. Njia ya mwongo ni fupi, lakini asubuhi ile niliiona ndefu sana.

Ciru ni binti ya Mzee Mburu, mwenye ploti ninayopanga kule 46. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Alikuwa mwalimu wa kompyuta, akagombana na mkubwa wake, akafungua saiba yake hapo Satellite, mashine sita na feni moja. Ana ulimi mkali na roho safi, na kwake huwezi kupata kimoja bila kingine.

"Pole sana, mama Ndanu," akamwambia Wayua, akamshika mikono yote miwili. "Nimeskia yote. Kaa hapa." Kisha akanigeukia mimi. "Sasa wewe, leta hiyo kitu."

Nikampa. Akafungua kitambaa, akaigeuza, akaipangusa kwa upindo wa fulana yake kutoka katikati kwenda nje, akaiingiza kwenye mashine. Mashine ikanguruma, ikakohoa, ikaitema.

"Imekataa."

Wayua akafungua mkoba haraka, akatoa dawa ya meno. "Nimekuja na Colgate. Kule Kibera wanasema ukiipaka inaamka."

"Mama Ndanu, hiyo ni ya meno," Ciru akasema kwa upole. "Hii sidii chini haina shida. Ngoja nijaribu mashine ile nyingine. Ni mzee lakini husoma vitu vimekataliwa na hizi zingine."

Ile mashine mzee ikaisoma. Dakika mbili nzima, kisha vijipicha vikajipanga kwenye kioo, vidogo kama stempu. Wayua akasimama, akainamisha uso mpaka pumzi yake ikagusa kioo.

Halafu akarudi nyuma.

"Huyu ni nani?"

Alikuwa Musimbi, mteja wangu wa siku nyingi. Musimbi na joho, Musimbi na cheti cha ushonaji, Musimbi na mama yake mbele ya pazia langu la maporomoko. Picha ishirini na sita za Musimbi, na hakuna hata moja ya mbuzi.

"Ntheo yangu iko wapi?" Wayua akauliza. Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda.

Mimi mwenyewe sikujua mbuzi wamekwenda wapi. Ciru ndiye aliyekuna kichwa. "Munyao, hii sidii uliitumia mara ngapi?"

"Mara mbili. Sidii wakati ule zilikuwa ngumu kupata. Ikibaki nafasi, naongeza kazi nyingine."

"Na ukiongeza, ulikuwa unaiambia ikumbuke zile za kwanza?"

"Kuiambia? Kwani ni mtu?"

Ciru akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza na ya mwisho siku ile. "Ndio maana. Wapiga picha wote wa mtaa mnafanya hivyo. Sasa inaonyesha kazi ya mwisho tu. Zile zingine hazijaenda mahali. Ziko ndani, lakini mlango wao haufunguki na hii njia ya kawaida. Niko na programu ya kuzifukua. Itachukua masaa."

"Ziko?" Wayua akauliza.

"Ziko, mama Ndanu."

Wayua akakaa chini akajifunika uso kwa leso. Nilijua anamshukuru Mungu. Mimi nilikuwa nafanya kinyume chake, Mungu anisamehe. Nilikuwa naomba ile programu ishindwe.

Kabla hajaanza kazi, Ciru aliitoa sidii tena, akaiinua mbele ya taa ya meza. Mwanga ukapenya. Karibu na tundu la katikati palikuwa na kipara cha upana wa vidole viwili, rangi ya fedha imetoka kabisa, unaona upande wa pili.

"Nani alikwaruza hapa?"

"Ni moto," nikasema. "Kopo lilipata joto sana siku ile."

"Moto hauna kucha, Munyao."

Wayua akainua kichwa. Ciru akawa anamweleza yeye, si mimi. "Watu hudhani picha ziko huku chini kunakong'aa. Huku chini wanatunza kama yai, huku juu wanafanyia fujo. Kumbe picha ziko huku juu, chini tu ya hii rangi. Mtu akikwaruza hapa amekwaruza picha yenyewe. Na kazi ya kwanza huandikwa hapa katikati."

"Kazi ya kwanza ilikuwa gani?" Wayua akaniuliza.

"Ilikuwa yenu," nikasema.

Ciru akaiweka sidii kwenye mashine, akaanzisha ile programu yake. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa, mwembamba, bila haraka yoyote.

Niwaambie ninyi kwanza kabla ya Wayua kujua, maana ninyi mko mbali na hamna mawe mkononi.

Siku ya ntheo, Mwanzia hakwenda Kitui. Alikuwa kibarua kwenye ghala moja Industrial Area, na siku ile walikuwa wanahesabu mali. Msimamizi akamwambia ukienda usirudi. Mzee Lazarus akasema mbuzi hawangoji likizo. Akanitazama mimi na kamera yangu mpya shingoni, akasema, "Wewe ni rafiki yake. Utasimama mahali pake."

Nikasimama. Nikawapiga picha mbuzi, wazee, akina mama. Ulipofika wakati wa kula nilimpa mtu mwingine kamera, nikakaa kwenye kiti cha bwana harusi. Wayua akaja na sahani ya nyama, akapiga goti kidogo, akasema, "Mpelekee Mwanzia." Watu wakacheka, akina mama wakapiga vigelegele. Nami nikacheka.

Kesho yake nilirudi Sarang'ombe nikazifungua zile picha kwenye kompyuta. Nikajiona. Uso wangu haukuwa uso wa mtu aliyetumwa.

Mtoto mdogo angeiona picha ile angejua. Mwanzia angeiona, angejua kabla hajaketi. Basi nikaziweka kwenye sidii, nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino, NTHEO WAYUA, nikaificha chini kabisa ndani ya kopo. Nikamwambia Mwanzia kamera iliharibika pamoja na picha zote. Alinipa pole. Mtu aliyekosa picha za ndoa yake alinipa pole mimi kwa kamera yangu.

Mbona sikuzifuta? Hilo nimejiuliza sana. Jibu ni kwamba nilitaka ziwepo.

Mwaka uliofuata nilimkuta Mwanzia studioni ananisubiri, amelishika lile kopo, anachakura sidii moja moja kujiburudisha. Alikuwa amebakiza tatu kuifikia ile ya chini. Alipoondoka nilichukua msumari nikalikwaruza lile jina, NTHEO WAYUA, mpaka likatoka lote. Nikadhani nafuta jina tu, na bila jina ikawa sidii kama nyingine, nikaiongezea kazi ya Musimbi. Kumbe nilikuwa naikwaruza ndoa ya watu.

Saa tano hivi kelele zikaanza nje. Milango ya maduka ikashuka mmoja baada ya mwingine, upande wote wa barabara. Walisema kuna vijana wanatoka 46, wengine wakasema wanatoka Kangemi, na siku zile hakuna aliyengoja kujua. Ciru akashusha mlango wa chuma nusu. Simu yake ikalia.

"Ndiyo, baba," akasema. Akasikiliza. "Wako hapa. Wawili." Akasikiliza tena, akaniangalia, akageukia ukuta. "Baba, huyo mama anatafuta picha azike bwanake. Siwezi kuzima mashine. Hapana. Sijali watu watasema nini." Akakata.

"Mzee Mburu anasema nini?" nikauliza.

"Anasema nifunge duka niende nyumbani." Akaushusha mlango mpaka chini, akafunga kwa ndani. "Sasa nimefunga."

Tukakaa kwenye giza la saa sita mchana, watu watatu na mwanga wa kioo kimoja. Nje miguu ilipita ikikimbia, ikarudi, ikatulia. Stima ilififia mara mbili, na mara zote mbili Wayua alishika ukingo wa meza. Mstari wa kijani uliendelea kutambaa.

Saa saba na dakika kadhaa mashine ililia mlio mdogo. Ciru akavuta kiti.

"Imezipata picha arobaini na moja," akasema. Akafungua ya kwanza. Kijivu kitupu. Ya pili, kijivu. Ya tatu, ya nne, mpaka ya kumi. Kila alipobonyeza nilijisikia vizuri kidogo na vibaya sana.

Ya kumi na moja ilifunguka nusu. Juu yote ilikuwa kijivu. Chini palionekana miguu ya mtu, ncha ya bakora, kamba, na mbuzi mweusi mwenye doa jeupe tumboni.

Wayua akatoa sauti ambayo siwezi kuiandika. "Ni yeye. Huyo mbuzi ni yeye. Alikuwa msumbufu, alikula leso ya mama." Alikuwa anacheka na machozi yanamwagika. Hata kabla Ciru hajafungua nyingine, alikuwa ameshatoa simu. "Nzuki? Njoo Satellite. Kwa Ciru wa saiba. Njoo uone kwa macho yako."

"Mama Ndanu, ngoja kwanza," nikasema. "Hiyo haina sura ya mtu."

"Zingine zitakuwa na sura."

Zingine hazikuwa nayo. Kijivu, kijivu, mapaja ya nyama bila mikono, mwavuli. Msumari wangu ulikuwa umefanya kazi nzuri kuliko kamera yangu. Zikafika thelathini na nane, na nikaanza kupumua.

Ya thelathini na tisa ikafunguka yote, kuanzia kona hadi kona, safi kama imepigwa jana.

Wayua amepiga goti na sahani. Nyuma yake Mzee Lazarus amesimama na kofia yake ya manyoya na ile kamba ya mbuzi mkononi. Akina mama midomo wazi. Na kwenye kiti cha bwana harusi, mimi.

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu ziliishia picha ya thelathini na tisa.

Ciru aliondoa mkono kwenye kipanya, akautia mapajani.

Wayua aliitazama muda mrefu. Nilimwona akijitazama yeye kwanza, kisha mzee, kisha akafika kwangu, na hapo macho yake hayakuendelea.

"Ni wewe ulikwaruza," akasema.

"Ndiyo."

"Na kamera haikuwa imeharibika."

"Haikuwa."

"Mwanzia alikuomba mpaka Krismasi hii juzi. Ulikunywa chai yangu, ukamwambia pole ndugu, ziliharibika." Alikuwa anaongea chini chini, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Ulikuwa unaogopa nini?"

Ningeweza kudanganya tena. Nina uzoefu. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo, kama mtu aliyebeba godoro la mvua kichwani.

"Nilikuwa nimekupenda," nikasema. "Siku hiyo hiyo, hapo hapo. Sikufanya lolote, sikusema lolote, na sikuacha."

Ciru alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Wayua alijifunga leso upya kiunoni, taratibu, akakaza fundo. Nilingoja anipige kofi. Angenipiga ningemshukuru.

"Sasa niambie, Munyao," akasema. "Kwa picha hii, mimi ni mke wa nani?"

"Naweza kuifuta," Ciru akasema. "Tubaki na ile ya mbuzi."

"Mbuzi nusu atanisaidia nini? Kila Mkamba ana mbuzi." Wayua akatikisa kichwa. "Hii ndiyo iko na Mzee Lazarus. Usifute."

Mlango wa chuma ukagongwa mara tatu. "Ni Nzuki," sauti ikasema. "Fungueni, nje kumetulia."

Ciru akatuangalia sisi wawili. Wayua akaitikia kwa kichwa. Mlango ukainuliwa kidogo, Nzuki akaingia akiwa ameinama. Ni mtu mrefu, mpole wa sura. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na tangu amtie Wayua kwenye orodha ya wageni hakuwa amemwita shemeji hata mara moja.

"Wayua," akasema. "Nionyeshe."

Wayua akasogea pembeni, Nzuki akaketi mbele ya kioo. Akavua kofia. Nilisimama nyuma yake nikitazama kisogo chake, nikijaribu kusoma kisogo cha mtu.

"Hii ni ntheo," akasema hatimaye. "Sikatai. Huyu ni Mzee Lazarus, hiyo kofia mimi ndiye nilimletea." Akapitisha kiganja usoni. "Wayua, sikuwa nakuonea. Siku hiyo Mwanzia alinipigia simu akiwa ghalani. Ndiyo maana nilikuwa najiuliza, ntheo gani hii bila mwenyewe?"

"Hakupewa ruhusa," Wayua akasema. "Mzee Lazarus alisema Munyao asimame mahali pake."

"Naona alisimama."

Nzuki akanigeukia, kiti kikalia. Hakuwa na ubaya usoni, nataka mlijue hilo. Alikuwa mtu aliyefiwa.

"Munyao, mbuzi walikuwa wa nani?"

"Wa Mwanzia. Alinunua kwa mshahara wa miezi miwili."

"Nakuamini. Lakini nikienda na picha hii Kitui, mama yangu ataiangalia, ataona huyu mwanamke na mwanamume ambaye si mtoto wake. Ataona hayo macho pia. Mama haoni vizuri, lakini hayo ataona."

"Nitamweleza mwenyewe."

"Maneno hayatoshi sasa." Akaivaa kofia tena. "Mzee aliyekuja kuchukua mwili amebeba kithitu. Kesho saa tatu asubuhi wazee wetu wanakutana 46. Utakuja, utakula kithitu mbele yao."

Kwa wasio wa kwetu, kithitu ni kitu cha kuapia, na kukila ni kuapa juu yake. Mimi nimebatizwa, nimeimba kwaya, na naomba Mungu asubuhi na jioni, lakini hakuna Mkamba anayekicheka kithitu, awe mlokole awe mlevi. Mtu akikila kwa uongo, kinaua, na hakianzi na yeye. Huanza na wa nyumbani kwake, ndipo kimfikie. Nyumbani kwangu, Machakos, nina mama mmoja tu.

"Utaapa mambo mawili," Nzuki akasema. "La kwanza, mbuzi walikuwa wa Mwanzia."

"Hilo naapa hata sasa hivi."

"La pili, ulikaa kwenye hicho kiti kwa niaba ya ndugu yangu, na hukuwahi kumtamani mke wake moyoni mwako, siku hiyo wala siku nyingine yoyote."

Nikasikia droo ya Ciru ikifungwa polepole.

"Ukila kiapo hicho," Nzuki akaendelea, "saa sita Wayua atakaa mbele karibu na jeneza, na mtoto mapajani mwake. Mimi mwenyewe nitamwita shemeji mbele ya watu wote. Ukikataa, nitakuwa nimeelewa hii picha. Nitamzika ndugu yangu na watu wake tu, na Wayua atabaki Nairobi bila mtoto."

Nilimtazama Wayua. Nusu saa haikuwa imepita tangu nimwambie kwa mdomo wangu. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, miguu yake ndani ya viatu vya Mwanzia.

"Sema ndiyo, Munyao," akasema.

Nzuki akanyoosha mkono wake, akangoja nimpe wangu.